Eti "kauze kava za simu", yule bosi wa field mnayemjua wote leo kanimaliza

Wakuu nasoma elektroniki, niko field, yaani mafunzo ya vitendo ya chuo, na nimetoka kule sasa hivi, niko kwenye daladala mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Jina simtaji, aliyewahi kupita field pale anamjua, yule wa funguo zinazolia kiunoni utadhani ng'ombe wa kengele.

Asubuhi bodi imekufa, wateja wamejaa mpaka mlangoni. Nikashika mita nikapima, kwenye regyuleta ya 7805, kile kidude cha kushusha volti, zinaingia volti 12, kutoka zilitakiwa 5, inatoka sifuri, nikaangalia shoti mbele hakuna. Nikamwambia bosi imekufa hii, kidude cha miguu mitatu tu, kinalehemiwa dakika 5. Akacheka, mbele ya watu, akasema "dogo, kompyuta yenyewe hujui kupiga window (kuiwekea Windows), kauze kava za simu".

Kava! Mimi! Diploma, level 4 mpaka level 6, miaka mitatu, nimekariri rangi za rezista mpaka nikiona kanga ya kahawia, nyeusi na nyekundu kichwani inakuja ohm 1,000. Mama kauza mahindi gunia kwa gunia ili nisome, halafu kava! Window nani kasema ndo kazi yangu? Sisi tunasoma saketi, maikrokontrola, mawasiliano, kudizaini kitu kutoka kwenye karatasi mpaka kiwake.

Saa nane kaletwa fundi wa nje, kabadilisha nini? 7805 ileile. Akapewa na soda. Mimi nikatumwa chapati. Kava jamani, na dada wa mapokezi anasikia!

Mzee_wa_Saiti: Pole dogo, ila wewe umetumwa chapati unalia? Sisi wa civil (ujenzi) field nzima tunahesabu mifuko ya saruji juani, ukikosea mmoja unalipa.

BintiTanga: Kinachokuuma ni dada wa mapokezi, sema ukweli 😂😂

Mleta uzi: Sijaja kutaniwa. Kinachoniuma ni kava.

Kitonga255: Huyo bosi namjua, mimi aliniambia nifute feni wiki mbili, logibuku, lile daftari la field, akagoma kusaini mpaka nimpelekee vocha.

Mzee_wa_Saiti: Wewe bora vocha, wangu alitaka kuku.

BintiTanga: Kuku wa kisasa au kienyeji?

Mzee_wa_Saiti: Kienyeji, jogoo kabisa. Nilimtoa Singida kwenye basi, kawika njia nzima abiria wananitukana.

Mtumiaji_mpya: Wakuu samahani kuingilia, laptop yangu inawaka nikishikilia waya wa chaja tu, nikiachia inazima, tatizo nini?

Mleta uzi: Huenda tundu la chaja limelegea, usiendelee kuubinyabinya utaunguza bodi. Toa betri kama inatoka, upeleke kwa mtu alehemu upya, na akupimie chaja yenyewe kwanza, nyingi zinatoa volti 19. Uko mkoa gani?

Kitonga255: Mzee wa saiti, jogoo alifika mzima?