Nani kamruhusu yule mtu aguse .bashrc yangu?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule mtu wa zsh, mnamjua wote (mimi natumia bash; zote mbili ni sheli, programu ya kuandikia kompyuta amri), kafuta .bashrc yangu, faili la mipangilio ya bash, kwenye seva ya ofisi, kaweka kiungo kinachoelekea .zshrc yake. Hakuomba, hakuaga. Eti "nimeunganisha aliasi zetu," yaani majina ya mkato ya amri.

Saa nne asubuhi, hapa Posta, mteja kakaa, projekta inawaka. Naingia kwenye seva. Ukuta mzima wa makosa: setopt: command not found. autoload: command not found. alias: -g: invalid option. Unashuka tu kama daftari la madeni kwa Mangi. Mteja anausoma. KWA SAUTI. Naandika "peleka", aliasi niliyoitumia miaka sita: peleka: command not found. Yule mtu kasimama mlangoni na kikombe cha chai, anasema: "Babu, bado uko bash?"

Babu! Nina miaka 34!

setopt ni ya zsh, alias -g ni ya zsh, bash haizijui hata ukiipigia magoti. Aliasi za kawaida zinaelewana kote kuwili, unaziweka faili moja, ~/.aliases, kisha ndani ya .bashrc na ndani ya .zshrc unaandika:

[ -f ~/.aliases ] && . ~/.aliases

Mstari mmoja! Yeye kang'oa mlango wangu, kaniwekea wa kwake, na ufunguo kaondoka nao. Aliasi 43 zimekwenda. Mteja anasoma kwa sauti, huyu ananiita babu. Na kikombe cha chai!

kibaha_ssh: Pole sana babu.

fundi_wa_cron: Miaka sita hujaweka nakala popote? Hapo umejitakia.

Mwanzisha uzi: Suala si nakala! Kaniita babu mbele ya mteja!

tandika_root: Afadhali wewe. Wa kwetu yuko tcsh, sheli nyingine, huko aliasi haina alama ya sawasawa: alias ll 'ls -l'. Tukimpa faili la pamoja linamgomea, analalamika mpaka jioni kama vile sisi ndio tuliotunga hiyo sheli.

mama_seva: Mimi kuna kijana kajaza aliasi kwenye skripti ya cron, ile inayoendesha kazi zenyewe kwa ratiba. Bash haizisomi humo mpaka uwashe expand_aliases. Usiku kucha hakuna kilichofanya kazi, asubuhi nikapigiwa simu MIMI.

konda_mstaafu: Mambo ya sheli niulizeni mimi. Jana nimeweka mafuta ya elfu kumi, pikipiki haijafika Rangi Tatu imezima. Wezi wale!

kibaha_ssh: Mkuu, sheli ipi hiyo? Na mimi juzi mshale haukucheza kabisa.

fundi_wa_cron: Mwambie aanze na sifuri kwenye pampu, umtazame machoni.

Mwanzisha uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Alikuwa na kikombe cha chai!

tandika_root: Babu subiri kwanza. Konda, ni ile ya upande wa kushoto ukitokea Mtoni?