Wakuu, nataka kutoka Windows kuhamia mfumo wa Linux kwenye mashine ya steshenari. Nianzie wapi?

KonaYaStendi:
Habari za majukumu wakuu. Nina steshenari ndogo Makambako, jirani na stendi. Nachapa, naprinti, natoa kopi, napiga pasipoti saizi na msimu ukifika natengeneza kadi za michango ya harusi. Mashine ya kazi ni HP EliteBook 840 G1, prosesa i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, na hadi diski (hard disk) ileile iliyokuja nayo. Ndani kuna Windows 10.

Kinachonitoa jasho ni flashi za wateja. Mwanafunzi anachomeka yake, mafaili yote yamegeuka shotikati. Kesho yake mashine yangu nayo inaambukiza flashi za wengine, lawama nabeba mimi. Mwezi uliopita fundi kanipigia Windows upya mara mbili, kila mara elfu kumi na tano. Halafu nasikia Windows 10 wenyewe waliiacha tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na 11 inaikataa hii prosesa.

Linux sijawahi kuigusa. Naogopa nisije nikafungua asubuhi, mteja yuko mlangoni, printa imenuna.

mzee_wa_terminali:
Weka Linux Mint, moja ya aina za Linux. Uzi ufungwe.

Ngosha82:
Mzee hapo juu umemaliza bando la watu bure. Huyu anakula kwa hiyo mashine.

Mkuu, usifute Windows kwanza. Tafuta flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa yote. Shusha Mint toleo la Xfce, ndilo jepesi kwa RAM yako. Faili ni kama GB 3, kwa hiyo subiri bando la usiku na utumie torenti ili mtandao ukikatika iendelee ilipoishia. Ukimaliza linganisha ile namba ndefu ya sha256 na iliyoko kwenye tovuti yao. Wengi wanaolalamika kwamba Linux inagoma kuwaka walishusha faili pungufu. Kisha liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Kulikopi tu kama unavyokopi wimbo hakusaidii.

Zima mashine, iwashe huku unabonyeza F9, chagua flashi. Mint itawaka yote kutoka humo bila kugusa hadi diski. Kaa nayo hivyo siku mbili tatu uone kama wifi inashika, sauti inatoka, printa inaonekana. Itakuwa nzito kwa sababu inasoma flashi, usiihukumu kwa hilo. Una printa gani?

KonaYaStendi:
Asante mkuu. Ni HP LaserJet P1102 na Epson L3110. Kadi nafanyia Publisher, picha Photoshop (msiulize nimeitoa wapi).

DadaWaKopi:
Kaka, na mimi nina steshenari, Morogoro, mwaka wa tatu huu niko Mint. Hiyo P1102 ndiyo iliyonitesa. Draiva yake (programu inayoiunganisha printa na kompyuta) iko ndani ya HPLIP, furushi la printa za HP ambalo Mint inakuja nalo, ila printa hiyo inadai na kipande cha ziada kutoka HP. Ukiwa na intaneti fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika hp-plugin, kubali masharti. Bila hicho kipande printa inaonekana vizuri, kazi unaituma, karatasi haitoki. Na siku HPLIP ikipanda toleo, hicho kipande nacho lazima kiwe cha toleo hilohilo, kwa hiyo unairudia amri. Mimi ilinikuta nina foleni ya wanachuo na ripoti zao za fildi, nikajua printa imekufa, nikaita fundi akaifungua mpaka skrubu ya mwisho. Kumbe ni amri ya dakika moja! Epson haina maneno, wewe tafuta draiva ya escpr.

Sasa fonti, maana hapo ndipo wateja watakupigia kelele. Mtu akileta kazi yenye Calibri au Times New Roman, LibreOffice, ndiyo Office ya huku Linux, inaweka fonti za Carlito na Liberation Serif. Herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo ukurasa wa 12 unabaki wa 12. Fonti za mapambo ndizo zinazoharibu: inawekwa nyingine yoyote, mstari unashuka, jedwali linakatika katikati. Wazoeze wateja walete PDF. Na ripoti ya mtu ya kurasa themanini usiirekebishe kwenye LibreOffice halafu ukamrudishia docx. Akiifungua kwa Word akakuta namba za kurasa zimehama, hutamweleza akakuelewa.

Kipara:
Mimi nitasema ukweli mchungu. Publisher na Photoshop Linux hazipo, na anayekwambia uziweke kwa Wine (inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux) hana wateja wanaosubiri. LibreOffice Draw inafungua faili la pub, lakini kadi inatoka maua yamekaa juu ya jina la bwana harusi. GIMP, programu ya kuhariri picha, pasipoti saizi inaweza vizuri tu, ila mkono uliozoea Photoshop utakosea vitufe wiki nzima. Kama nusu ya mapato yako ni kadi, baki na Windows. Microsoft walitoa mwaka mmoja wa nyongeza kwa Windows 10, mpaka Oktoba 2026, ila unajiandikisha.

Ngosha82:
@Kipara na Publisher yenyewe wanaiaga Oktoba hiyohiyo 2026. Sasa tukae tukisubiri nini? Aanze kujifunza Inkscape, programu ya kuchorea, taratibu, kadi moja moja.

mzee_wa_terminali:
Haya, niliandika kwa haraka, nimerudi.

Hicho kirusi cha shotikati ni programu ya Windows, Linux haikiendeshi. Ukichomeka flashi ya mteja utaona vyote: vile vifaili vinavyoishia na .lnk, na mafaili yake halisi yaliyokuwa yamefichwa, mara nyingi ndani ya folda isiyo na jina. Unayatoa, takataka unafuta. Ila faili la Word lenye makro mbaya (amri zilizowekwa ndani ya faili) linabaki na sumu yake. Ukilirudisha kwenye Windows litauma vilevile.

Na msiione Linux kama kitu cha Wazungu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa na mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 wakatoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Vijana wa leo mnaisikia hapa kwa mara ya kwanza.

KonaYaStendi:
Nimewasha kutoka kwenye flashi. Wifi imeshika yenyewe, sijaamini. P1102 imefanya kama dada alivyosema, kimya, mpaka nilipoandika ile amri. Nataka niziweke zote mbili, Windows na Mint. Nisiharibu wapi?

Ngosha82:
Kwanza kazi zako zote ziende kwenye diski ya nje, hata kama una haraka. Ndani ya Windows zima Fast Startup. Isipozimwa, Windows inakuwa haijazima kwelikweli, na Mint itakuonyesha mafaili yako bila kukuruhusu kuandika humo. Punguza partisheni (sehemu ya diski) ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, achia Mint GB 100. Kwenye ukurasa wa kuchagua pa kuiweka kuna chaguo la kufuta diski nzima. Hapo toa mkono kwenye mausi, soma mara mbili.

Usishangae ukirudi Windows ukakuta saa imerudi nyuma masaa matatu. Linux inaandika saa ya mashine kwa UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu masaa matatu, Windows inaisoma kama ni saa ya hapa. Kwenye Mint andika timedatectl set-local-rtc 1, yameisha.

Ukishatulia washa Timeshift, inayotunza nakala za mfumo, ukikoroga mfumo unairudisha ya jana. Mafaili ya wateja haiyahifadhi, hayo yatafutie pengine. Na elfu thelathini ya fundi ingeingia kwenye SSD, diski ya kasi. Hiyo hadi diski ndiyo inayokuchelewesha kuliko Windows.

KonaYaStendi:
Wakuu, mrejesho baada ya wiki tatu. SSD nimeweka, Mint inawaka kabla sijamaliza kufungua dirisha. Saa ilirudi nyuma kweli, nimeirekebisha. Kadi bado nafanyia Windows, na Inkscape nimeifungua mara mbili nikaifunga. Flashi ya mteja sasa haigusi Windows kabla haijapitia Mint. Jana mwalimu mmoja wa sekondari kaleta flashi tatu za ofisini kwao, hana cha kuprinti, anauliza kama naweza kuziosha. Nimemtoza mia tano kila moja.

DadaWaKopi:
Mia tano? Huku ni elfu.