Naomba ushauri: nina milioni nne na miswada mitatu, nataka kuanza kuchapisha riwaya pendwa

Mwana wa Msamvu (Morogoro)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina duka la steshenari na fotokopi hapa Morogoro, huu mwaka wa saba. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori, na kila aliporudi kutoka Dar alikuwa na kitabu kimoja kwenye mfuko wa shati. Mimi nimejulia kusoma kwa riwaya za kijasusi na upelelezi, za shujaa Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa. Vitabu 23 vimebaki kwenye sanduku lake la bati. Kimojawapo kimechanika kurasa za mwisho, na hadi leo sijui muuaji alikuwa nani.

Kilichonisukuma ni hiki. Kuna dada huja dukani kila Jumamosi na simu yake, ananiomba nimtolee hadithi kwenye karatasi. Ananunua hadithi ya kutisha kwenye grupu la WhatsApp, Sh 1,000 kwa vipande vitano. Anamtolea mama yake, ambaye simu ya kupapasa hawezi, na mama akimaliza karatasi zinazunguka mtaa mzima. Mwezi uliopita aliniletea zile karatasi nizibane upya kwa pini, zilikuwa zimelowa mafuta ya taa na pembe zimekuwa kama pamba. Nikasema hapa kuna wasomaji, kinachokosekana ni kitabu.

Miswada ninayo mitatu, na waandishi wote wako tayari. Wa kwanza ni wa kutisha: mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha katani kilichofungwa, kule Tanga. Wa pili ni wa kijasusi. Wa tatu ni wa kisayansi, Mwanza ya miaka 80 ijayo na ziwa limerudi nyuma kilomita nyingi.

Akiba yangu ni Sh 4,000,000. Mchapaji mmoja wa Dar amenipa bei ya kitabu cha A5, kurasa 160: nakala 1,000 kwa Sh 3,600 kila moja, au nakala 200 kwa Sh 6,500 kila moja. Moyo unanivuta kwenye 1,000. Pia nawaza kuzichapa upya zile riwaya za zamani za baba, maana madukani hazipo. Na naogopa wizi wa PDF. Nianzie wapi?

Mzee wa Mashine (Dar es Salaam)

Karibu kwenye kazi, kijana wangu. Nimekaa kwenye mashine za ofseti miaka 28, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Usimwone mchapaji wako mwizi kwa tofauti ya bei. Kwenye ofseti gharama kubwa iko kabla ya nakala ya kwanza kutoka: kutengeneza pleti (mabamba yenye maandishi ya kuchapwa), kufunga mashine, kuharibu karatasi mpaka wino ukae sawa. Ukichapa 200 au 1,000, gharama hiyo ni ileile. Kwa 200 muulize kama anatumia mashine ya dijitali, kwa sababu hiyo haina pleti, na ukirudi kuongeza nakala 100 bei haikuumizi.

Sasa jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshalia. Kwenye ofseti kitabu hukunjwa kwa vitita, yaani mafungu ya kurasa, mara nyingi 16 kila fungu. Kurasa zako 160 ni vitita kumi kamili, hapo umepanga vizuri. Niliwahi kuona kazi ya mteja mmoja ambapo kitita cha ukurasa wa 97 hadi 112 kiliingia mara mbili, na cha 113 hadi 128 hakikuingia kabisa. Nakala 500, zote hivyo. Aliyekusanya vitita alichoka, na mwenye kitabu alisaini kupokea mzigo baada ya kuangalia jalada tu. Kwa hiyo mzigo ukifika, fungua boksi, chukua nakala kumi za sehemu tofauti na uzipekue ukurasa kwa ukurasa, palepale, kabla ya kumalizia malipo. Halafu kifungue kitabu katikati, ukilaze kifudifudi juu ya meza na ukikandamize mgongo. Gundi mbovu itapasuka mbele ya macho yako. Bora ipasuke kwako kuliko mikononi mwa mama wa yule dada.

Karatasi chukua bondi ya gramu 70 au 80. Nyepesi zaidi ya hapo, maandishi ya upande wa pili yanaonekana.

Niliungua 2019 (Mwanza)

Ndugu, naomba unisikilize vizuri, kwa sababu mimi nilikuwa hapo ulipo wewe.

Nilichapa 1,000 kwa sababu bei ya moja ilikuwa nzuri. Leo hii nakala 600 na kitu ziko sebuleni kwa mama yangu mzazi, mchwa walishapita boksi mbili za chini. Kitabu chenyewe hakikuwa kibaya. Nilichopungukiwa ni mahali pa kuuzia. Maduka ya vitabu yanachukua kwa mali kauli: unaacha nakala 20, unaandikiwa risiti, unalipwa zikiuzwa. Ukitoka Mwanza kwenda kudai Sh 46,000 mkoa mwingine, nauli inakula deni lote.

Piga hesabu hii nami. Tuseme unauza Sh 12,000. Duka linachukua asilimia 35, yaani 4,200, unabaki na 7,800. Mwandishi umpe asilimia 10 ya bei ya jalada, 1,200. Ukichapa 200 kwa 6,500, kwa kila nakala inayopita dukani unabaki na Sh 100. Mia moja! Ukichapa 1,000 unabaki na 3,000, na hapo ndipo mtu anapovutwa kama nilivyovutwa mimi. Ila hiyo 3,000 haipo mpaka kitabu kiuzwe.

Geuza upande wa pili. Nakala zilezile 200 ukiziuza mwenyewe, dukani kwako na kwa simu, unabaki na 4,300 kila moja. Zikiisha zote una Sh 860,000 juu ya gharama ya kuchapa na haki ya mwandishi. Ni pesa ndogo kwa kazi ya miezi minane, lakini mtaji wako unakuwa umerudi, na una majina na namba za watu 200 waliolipia riwaya ya kutisha. Mimi ningekuwa na orodha ile mwaka 2019, mama yangu angekuwa na sebule.

Dada Mhariri (Dodoma)

Nimesoma uzi wote na sijaona neno uhariri. Mkuu, katika hiyo milioni nne umemtengea mhariri shilingi ngapi?

Siulizi kwa kujitafutia kazi. Riwaya ya upelelezi inasimama kwa vitu vidogo. Nimewahi kupokea muswada ambao bastola ya risasi sita ilifyatuliwa mara tisa ndani ya sura moja. Mwingine shujaa amepanda basi Iringa asubuhi, sura inayofuata yuko Tabora saa nne asubuhi ileile. Msomaji wa riwaya pendwa ni mkali kuliko profesa, kwa sababu anacheza mchezo na mwandishi, na akigundua mwandishi hakucheza kwa haki, hasamehe. Hanunui cha pili.

Unahitaji macho mara tatu, na yasiwe ya mtu mmoja: wa kwanza aangalie hadithi yenyewe, wa pili lugha, wa tatu asome pruufu, yaani nakala ya kusahihisha, baada ya kurasa kupangwa. Kama fedha hazitoshi, wa tatu anaweza kuwa mwalimu wa Kiswahili unayemwamini, umlipe kwa haki. Wa kwanza usibanie. Hata ule wa kisayansi, tena huo zaidi: ziwa likirudi nyuma, Ukerewe bado ni kisiwa? Watu wanavua nini? Msomaji wa Mwanza atauliza hayo ukurasa wa pili.

Mwana wa Msamvu

Nimekaa kimya nikisoma. Sikuwa nimetenga kitu kwa mhariri, nakiri. Nilidhani mimi na mwandishi tunatosha, maana nimesoma sana hizi kazi. Na ile hesabu ya Sh 100 nimeirudia mara tatu kwenye kikokotoo cha dukani.

Vipi kuhusu riwaya za baba?

Mdau wa Haki (Dar es Salaam)

Hilo nikujibu mimi, ndiyo shughuli yangu. Kutokuwepo madukani hakumaanishi kitabu hakina mwenyewe. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki inadumu uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtobwa alifariki 2008, kwa hiyo kazi zake zina wenyewe hadi 2058. Njia iko moja, kuitafuta familia na kuzungumza, na ujue pia kwamba huenda kuna mchapishaji mwenye mkataba wa zamani. Inawezekana, ila isiwe kazi yako ya kwanza.

Kwa hiyo miswada mitatu, andika mkataba hata kama waandishi ni marafiki zako. Hasa kama ni marafiki. Taja unapewa haki gani: kitabu cha karatasi tu, au na cha simu, na cha kusikiliza, na filamu? Usichukue usichoweza kukifanyia kazi. Weka muda, mathalani miaka mitano, na kifungu kinachosema nakala zikiisha na wewe hujachapa tena ndani ya mwaka mmoja, haki inarudi kwa mwandishi. Nimeona waandishi waliozeeka kitabu chao kikiwa kimefungiwa kabatini kwa mtu, hachapi na haachii.

Mengine ni ya kawaida: jina la biashara unasajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara), kisha TIN, yaani namba ya mlipakodi, na leseni ya halmashauri. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, unaipata Bodi ya Huduma za Maktaba. Kumbuka kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kina ISBN yake.

Simulizi Kiganjani

Mimi napingana na wote. Karatasi ya nini? Mtu mwenye grupu la WhatsApp lenye watu 300 anapokea kwa M-Pesa leo, hana mchwa wala mali kauli. Fungua grupu, uza vipande, maliza.

Niliungua 2019

@Simulizi Kiganjani hoja yako ina uzito, ila yule dada wa Morogoro anatoka kwenye grupu kama hilohilo, na bado analipia karatasi kila Jumamosi. Vyote viwili vinaweza kwenda pamoja. Sura tano za kwanza zipite bure kwenye simu, anayetaka mwisho alipie kitabu. Kuhusu PDF, huwezi kuizuia kabisa. Usimtumie mtu yeyote faili safi la kitabu kizima, hata rafiki, na hakikisha anayekitafuta anakipata kirahisi. Wengi wanaosambaza PDF wamekosa pa kununua.

Bin Likoni (Mombasa)

Salaam ndugu zangu wa upande huo. Huku kwetu maduka mengi yanaishi kwa vitabu vya shule, riwaya ya Kiswahili isiyo ya kutahiniwa hupewa kirafu kimoja pembeni, karibu na kalenda. Lakini watu wapo. Mimi nimekulia kwa hadithi za majini za bibi, na hicho kisa cha mlinzi wa kiwanda cha katani kimenisisimua kwa sentensi moja uliyoandika. Nakusihi jambo moja: huyo mwandishi wa Tanga kama ameandika kwa lugha ya kwao, mhariri asiifute yote kuifanya ya magazeti. Jini la Tanga liseme Kitanga.

Dada Mhariri

@Bin Likoni umesema kweli tupu. Usimulizi unaweza kuwa sanifu, mazungumzo yabaki na watu wake.

@Mwana wa Msamvu, na usihofu kwamba miswada itaisha. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa mara ya kwanza 2023, na kila mwaka wanaobaki nje ya washindi ni wengi, wana kazi zao kwenye kompyuta. Anza na mmoja ufanye vizuri, watakutafuta wenyewe.

Mzee wa Mashine

Naongezea, kijana wangu, huyo Musiba uliyemtaja na Mtobwa hawakusubiri mtu. Musiba alianzisha Continental Publishers, Mtobwa akaanzisha Heko. Hakukuwa na WhatsApp wakati ule.

Mwana wa Msamvu

Wakuu, nimeelewa. Nimekaa na mke wangu jana usiku, tukafungua daftari. Tunaanza na mmoja tu, wa kiwanda cha katani. Nakala 200 za dijitali, Sh 1,300,000. Wahariri wawili na msoma pruufu tumewatengea 900,000. Mchoraji wa jalada 250,000. Usajili na safari za Dar 300,000. Inabaki 1,250,000, haiguswi, ni ya kuchapa tena kama hizi zikiisha. Sura tano za kwanza nitazitoa kwenye karatasi hapahapa dukani, nizibane kwa pini, nimpe yule dada ampelekee mama yake bure, na kila karatasi ya mwisho iwe na namba yangu.

Wa kijasusi na wa kisayansi nitawapigia simu kuwaambia wasubiri, na kama wakipata mtu mwingine sitawazuia. Huyo wa Tanga nimeshampigia. Nilipomtajia mhariri alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kweli nitalipa mtu amsome. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi ana sura ya saba ambayo hajawahi kuipenda, angependa mtu aione.

Mama Kyela (Mbeya)

Mimi sina ushauri, nimefuatilia tu uzi. Niwekee mbili, moja ya kwangu na nyingine ya mdogo wangu. Nitumie kwa basi, nauli ya kifurushi nalipa mimi. Unapokea hela kwa mtandao gani?