Punguzo la milioni 4 kwenye gari la umeme: kumbe nimejilipa mwenyewe

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "eti magari ya umeme yana faida?" Mimi sina swali. Nina malalamiko.

Jina la yadi silitaji, msinilazimishe. Suala liko njiani kwenda kwa wenye mamlaka na sitaki waje waseme nimewachafua. Itoshe kuwa yadi iko Dar na vijana wake wanavaa tisheti za kijani zenye jani kifuani, utadhani wanauza miche ya parachichi.

Mimi ni muuza pembejeo, duka liko Mwanjelwa hapa Mbeya. Safari zangu ni Uyole, Mbalizi, Tukuyu, narudi, kesho naanza tena. IST yangu ilikuwa inakunywa mafuta kama imetumwa na adui. Na petroli ya huku mnaijua, EWURA wakitangaza bei kikomo kila mwezi, sisi wa Nyanda za Juu tuko juu ya Dar kwa sababu ya gharama ya kuyasafirisha hadi huku. Basi mwezi wa 11 mwaka jana nikaona tangazo. Gari dogo la umeme la Mchina, jipya, betri ya kilowati-saa 40. Bei 42,500,000 imekatwa kwa mstari mwekundu, chini yake 38,500,000. Chaja ya ukutani bure, unakuja kufungiwa nyumbani. Kusafirishiwa hadi mkoani bure. Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, ule wimbo wetu wa taifa wa pili: vigezo na masharti kuzingatiwa.

Nikapiga simu. Kijana akanipokea vizuri mno. Nikamuuliza, kijana, punguzo la milioni nne linatoka wapi, mbona kubwa hivyo? Akasema: "Mzee wangu, hiyo siyo hela yetu. Hiyo ni ruzuku. Serikali za nje zinawalipa watu wanunue magari ya umeme kupunguza moshi, sisi tunaipitisha tu kwako." Akanitumia na picha, maandishi ya Kiingereza na namba 7,500. "Hizo ni dola mzee. Wewe tunakupa milioni nne, zilizobaki zinaishia kwenye meli na ushuru."

Nikaamini. Nikatuma kishika bei cha milioni 10, nikauza IST wiki hiyo hiyo ili kutimiza hesabu.

Nilichelewa kumwonyesha mpwa wangu anayesoma MUST, chuo kikuu cha hapa Mbeya, ile picha. Aliisoma nusu dakika akaanza kucheka, huku akinipa pole. "Mjomba, hii ni Marekani." Ni nafuu ya kodi ya Wamarekani, dola 7,500 kwa gari jipya la umeme lililotimiza masharti yao, kwa mlipa kodi wao. Kuanzia 2024 mnunuzi alikuwa anaweza kumwachia muuzaji haki hiyo, muuzaji akamkata bei palepale, akaripoti mauzo kwa mamlaka yao ya kodi mtandaoni na kumpa mnunuzi nakala ya ripoti. Na hata hao Wamarekani, imefutwa. Gari lililonunuliwa baada ya tarehe 30 Septemba 2025 halipati kitu. Mimi naambiwa napewa ruzuku ya Marekani mwezi wa 11, kwenye gari la Mchina, nikiwa Mwanjelwa! China nako ile ruzuku ya taifa ya kununulia gari la umeme iliisha mwishoni mwa 2022. Nilipigwa changa la macho kwa picha ya skrini.

Haya, siku ya malipo. Nimepanda basi usiku, nimefika Dar asubuhi, nimepewa chai na maandazi ofisini kwao. (Chai ilikuwa nzuri, siwezi kuwasingizia.) Ikaletwa karatasi. Juu kabisa 42,500,000. Chini yake, toa ofa 4,000,000. Moyo ukatulia. Kisha macho yakateremka. Maandalizi ya gari kabla ya kukabidhi, 1,850,000. Ada ya nyaraka, 650,000. Ukaguzi wa afya ya betri, 900,000. Betri jipya wakuu, la gari lenye kilomita 11! Halafu ya mwisho, naomba msome taratibu: huduma ya ofa, 600,000. Yaani nimelipia kupewa.

Nikajumlisha kwenye simu. Nikajumlisha tena. Milioni nne kamili, haikuzidi hata shilingi mia. Aliyekaa akapanga namba hizo ana kichwa, na kama asingekuwa na mkono mrefu ningemwajiri dukani.

Nikagoma. Kijana akamwita bosi wake. Bosi akasema kwa upole kwamba ofa nimepewa na iko kwenye karatasi, hizo nyingine ni gharama za huduma ambazo kila mteja analipa, na kishika bei hakirudi kwa mujibu wa fomu niliyosaini. Kweli nilisaini, kwenye simu, kwa kidole, bila kusoma. IST imeshauzwa. Nimekaa kwenye kile kiti na fulana ya baridi ya Mbeya mwilini, joto la Dar linanichemsha. Nikalipa.

Najua kuna watu wanaandaa "mzee ulikuwa mshamba". Andikeni tu. Ila sijafika penye uchungu.

Usafiri wa bure. Gari lilipakiwa kwenye lori la kubeba magari, mimi nikarudi na basi nikalisubiri Mbeya. Siku ya tatu dereva ananipigia: "Mzee, nimeshashusha mzigo wako, njoo uchukue." Umeshusha wapi? "Makambako." Lori linaelekea Songea, kwa hiyo linakatia njiapanda ya Njombe, na Makambako kwa mujibu wao ni "mkoani". Kwamba ni mkoa wa nani hawakusema.

Nikalifuata na Coaster. Betri lilikuwa na asilimia 46. Kutoka Makambako kuteremka Igawa lilinishangaza, kwenye mteremko gari linarudisha umeme kwenye betri, ukiachia pedeli unaona namba imesimama, wakati mwingine inapanda moja. Nikaanza kuimba. Kwenye tambarare za Mbarali wimbo ukaisha. Nimefika Chimala na asilimia 14, mbele yangu kuna kupanda Inyala hadi Uyole. Nikaingia gesti, nikapitisha waya dirishani. Mama mwenye gesti amesimama mlangoni na kanga mabegani: "Baba, hilo linakula uniti ngapi usiku mmoja? Maana LUKU yangu haina undugu." Nikamnunulia umeme wa 10,000 kwa simu, akaingiza tokeni mwenyewe, akaenda kulala kwa amani. Asubuhi nilikuwa na asilimia 71 na salio lake lilibaki. Huyo mama, bila bango wala jani kifuani, ndiye mtu pekee katika mkasa huu aliyenitoza nilichotumia.

Makambako palepale nilikutana na mfanyabiashara wa viazi wa Njombe, ana gari kama langu, yadi ileile. Alinunua mwezi wa 8, kabla ya ofa yoyote. Alivutana nao bei mpaka 41,000,000, hakuna cha maandalizi wala ukaguzi. Kwa hiyo ofa ya milioni nne imenifanya nilipe milioni moja na nusu zaidi ya mtu asiye na ofa.

Chaja ya ukutani mpaka leo haijafika. Kijana anasema chaja nimepewa, iko kwenye buti. Kilichopo kwenye buti ni ule waya mdogo unaokuja na gari kutoka kiwandani, wa kuchomeka kwenye soketi ya kawaida. Unavuta ampea 10, ni kama kilowati 2.3, kujaza betri tupu ni saa 17. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 ingejaza kwa saa 6 hivi. Ukirudi Tukuyu saa mbili usiku na kesho saa kumi na mbili una safari, hesabu hiyo si ya kwenye makaratasi.

Niseme na haki: gari lenyewe sina ugomvi nalo. Betri nzima ni kilowati-saa 40, yaani uniti 40 za LUKU, kwa bei ya TANESCO ya 292 kwa uniti ni chini ya 12,000 kabla ya VAT na tozo, na napiga zaidi ya kilomita 200 na milima yetu hii. IST kwa hela hiyo ningefika Tukuyu na kuomba lifti ya kurudi. Na ndicho kinachoniuma. Lingeuzwa bei yake ya kweli, bila ofa, ningelinunua vilevile.

Sasa sikilizeni hili. Nilivyofika nyumbani, mama watoto ndiye anayetunza hesabu za duka, akachukua bahasha yangu. Akatenganisha karatasi. Risiti ya EFD, ile ya mashine, imeandikwa 38,500,000. Zile milioni nne za "huduma" zimeandikwa kwa kalamu kwenye stakabadhi ya kitabu cha kaboni, kama za kununulia mkaa. Akaniangalia. "Baba Tusajigwe, punguzo lipo. Ila hukupewa wewe."

Alipewa nani?

"Mashine."

Mnaelewa? Punguzo limeonekana mahali pamoja tu, kwa TRA. Milioni nne hazikupita kwenye EFD. Kama zingepita, ndani yake kuna VAT ya asilimia 18, zaidi ya laki sita. Kwa hiyo mimi nimelipa bei kamili, serikali imepata kodi ya bei ya ofa, na katikati kuna mtu ameshiba. Na sheria yetu haimuachi mnunuzi anayeondoka bila risiti ya EFD, kwa hiyo hata mimi niliyepigwa nina la kujibu. Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Watu wanasema tuige nje. Rwanda mwaka 2021 waliondoa VAT na ushuru wa forodha kwenye magari ya umeme, kwa maandishi, mnunuzi wa Kigali anaweza kuuliza "mstari wangu wa VAT uko wapi?" Ujerumani nao Desemba 2023 walizima ruzuku yao ghafla, watu wenye oda mkononi wakaachwa solemba, na kuna viwanda vilivyoamua kuibeba vyenyewe. Mnunuzi huko anaweza kuumia, lakini anajua kaumizwa na nani na tarehe ngapi. Hii ya kwetu ni ruzuku ya mdomo. Imetamkwa kwenye simu, haina karatasi, na kijana aliyeitamka sasa anasema alikuwa "anatoa mfano".

Ninachofanya: Jumatatu napeleka nakala TRA hapa Mbeya, zote mbili, ya mashine na ya kalamu, na nitakiri kosa langu. Malalamiko mengine nayaandikia Tume ya Ushindani, maana kumpotosha mteja kuhusu bei ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Ninachoomba kwenu: kama umenunua gari la umeme kwa ofa, popote, angalia bahasha yako usiku huu. Risiti ya mashine inasema kiasi gani, na wewe ulitoa kiasi gani? Wa Iringa, Mafinga, Songwe, njooni na namba. Majina ya yadi pelekeni kwa hao hao.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Mkuu hapo chini anauliza kwa nini sikuomba kila kitu kwa maandishi. Kwa sababu nilikuwa na tamaa ya milioni nne, ndiyo jibu. Tuendelee.

NYONGEZA 2: Kijana kanitumia tangazo jipya dakika kumi zilizopita, nadhani linakwenda kwa wateja wote. Ofa ya Pasaka, punguzo milioni 5. Nimemuuliza maandalizi yamepanda mpaka ngapi. Tiki zimekuwa bluu, anaandika, ameacha, anaandika, ameacha.