Naomba ushauri: Scheme, funksheni ijiite kawaida au nipitishe kontinyuesheni?

Habari zenu wakuu. Naandika, kwa lugha ya programu iitwayo Scheme, programu inayozidisha namba zote zilizo kwenye orodha zenye orodha ndani yake. Kwa njia ya kawaida funksheni inajiita kwa car (kitu cha kwanza cha orodha), kisha kwa cdr (orodha iliyobaki), halafu inazidisha majibu. Inasomeka vizuri mno. Shida ni ikikuta sifuri: jibu limeshajulikana, lakini bado inarudi ngazi kwa ngazi ikizidisha bure.

Nikaiandika upya kwa kupitisha kontinyuesheni k, yaani funksheni inayobeba kazi iliyobaki (m ni orodha, na lambda huunda funksheni isiyo na jina):

(zidisha (car m)
  (lambda (a)
    (zidisha (cdr m)
      (lambda (b) (k (* a b))))))

Ikikuta sifuri inarudisha 0 bila kuigusa k, na hesabu yote inaishia hapo hapo. Hilo nimelipenda sana. Staki (sehemu ya kumbukumbu inayotunza miito ambayo haijakamilika) nayo haikui, maana kila mwito wa zidisha au k ndio kitu cha mwisho funksheni inachofanya. Ila zile lambda zinarundikana kwenye kumbukumbu, kwa hiyo sioni kama nimeokoa nafasi.

Je, nimwachie msomaji lambda zote hizi, au nibaki na njia ya kawaida, kisha kwenye sifuri nitoke kwa call/cc (njia ya Scheme ya kuruka nje ya hesabu moja kwa moja)? Wenye uzoefu na orodha zenye kina kirefu, naombeni mnisaidie.