Filamu gani ya Dracula iko karibu na kitabu?

MwanaKibokoni: Salaam jamani, nimemaliza Dracula ya Bram Stoker, kile kitabu cha mnyonya damu, jana usiku, stima ilipotea nikamalizia kwa tochi ya simu, na pale kapteni wa meli akutwa amekufa, mikono imefungwa kwenye usukani, wallahi nilisimama kufunga dirisha. Sasa nataka filamu, nianze na gani?

BintiLikoni: Anza na Nosferatu ya 1922, ile ya kimya ya Wajerumani. Hawakuomba ruhusa, walibadilisha majina tu, mjane wa Stoker akawashtaki na korti ikaamuru kopi ziharibiwe, bahati kuna zilizopona. Na hii mambo ya jua kumuua mnyonya damu imetoka humo! Kitabuni Dracula yuwatembea mchana London, nguvu tu ndizo zapungua.

Kaka wa Nyali: Ya 1931 ya Bela Lugosi, aliyeigiza Dracula, imetokana na mchezo wa jukwaani, ndio maana maneno mengi, lakini yale macho yake lo. Ya mwongozaji Coppola ya 1992 ina karibu wahusika wote ila yale mapenzi ya Dracula na Mina, yule mke wa Jonathan Harker, hayamo kitabuni, mimi yaliniudhi sana.

MwanaKibokoni: Shukran sana, leo baada ya isha naanza na ya 1922.