Shangazi anamtumia hela "daktari wa jeshi" asiyewahi kumwona. Nianzie wapi?

Mpwa_wa_Pili:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Shangazi yangu ni mjane, mstaafu, akili zake timamu kabisa. Tangu mwaka jana anachati na mtu aliyemtumia ombi la urafiki mtandaoni, anayejiita daktari wa jeshi la Marekani aliyepelekwa nje kikazi. Kila asubuhi anamjulia hali, kila usiku anamtakia usingizi mwema. Simu ya video haijawahi kupita, eti mtandao wa kambini mbovu. Kwanza aliomba hela ya kulipia likizo ili aje wafunge ndoa, shangazi akatuma. Sasa kuna mzigo umekwama forodhani na "wakala" anadai ada. Nilipomwambia ni tapeli, alinijibu, "Hamtaki nifurahi." Siku hizi nikiingia anaificha simu. Nataka kumwokoa bila kugombana naye.

MamaKaunta:
Marahaba mwanangu. Nimekaa kaunta ya benki miaka mingi na watu kama shangazi yako nimewahudumia. Wanafika na jibu mkononi. Ukimuuliza mama hela hii ni ya nini, anasema "ya fundi wa nyumba" haraka haraka, hata kabla hujamaliza swali, kwa sababu yule mtu ameshamfundisha cha kusema. Na ameshamwonya pia kwamba ndugu zake watapinga. Kwa hiyo kila ukimfokea, unamthibitishia shangazi kuwa "daktari" alisema kweli.

Acha kubishana naye. Kaa naye, mwombe akusimulie tangu siku ya kwanza, usimkatize. Huenda kwa muda mrefu hakuna mtu aliyemuuliza ameamkaje, isipokuwa huyo. Hilo pengo mlijaze nyinyi, hata baada ya jambo hili kwisha.

Akishakusimulia, chukua jambo moja tu la kuhakikisha pamoja. La likizo linatosha. Jeshi la Marekani lenyewe limetangaza kwamba askari halipii likizo, wala ndugu au mchumba hamlipii. Msome tangazo hilo wote wawili, kwenye tovuti ya jeshi. Kisha mtafute picha za huyo bwana kwa njia ya kutafuta kwa picha, yaani mnaipakia picha kwenye Google nayo inawaonyesha kwingine ilikotumika. Mara nyingi utaikuta sura hiyo hiyo ina majina mengine. Mweleze kwamba mwenye picha naye kaibiwa, maana wengine hukimbilia kumwandikia na kumlaumu.

Msimwambie tapeli kwamba mmemshtukia. Atabadilisha hadithi, ataanza kulia, au atatishia kusambaza picha za faragha kama anazo.

Kaka_Zuberi:
Naunga mkono, ila hela zisisubiri. Kama ametuma karibuni, apige simu benki leo, kwa namba iliyo nyuma ya kadi yake, aombe muamala uzuiwe. Kama ni kadi za zawadi, zile za dukani zenye hela ndani, atunze kadi na risiti, awasiliane na kampuni iliyozitoa. Ujumbe wote uhifadhiwe kwa ajili ya polisi, hata ule anaouonea aibu. Muulize pia kwa upole kama amewahi kupokea hela za mtu na kuzipeleka kwingine. Matapeli hupitishia hela za wizi kwenye akaunti za wapenzi wao, na mwenye akaunti ndiye anayeitwa kujieleza.

Na mjiandae: atatokea "wakili" au "mpelelezi" wa kumrudishia hela zake kwa ada kidogo. Ni walewale, au wamenunua namba yake kwao.

Neema_N:
Niongeze kitu kuhusu video. Hata ikipita siku moja, msiichukue kuwa ushahidi. Sura na sauti sasa vinatengenezwa kwa akili bandia. Mwanamke mmoja wa Ufaransa alitoa takriban euro 830,000 akiamini anachumbiana na Brad Pitt, mwigizaji wa filamu wa Marekani. Alitumiwa mpaka picha bandia za "Brad" akiwa kitandani hospitalini. Habari hiyo ilitoka Januari 2025 na watu wakamcheka mpaka kipindi cha televisheni kilichosimulia kisa chake kikaondolewa. Kicheko cha namna hiyo ndicho kinachowafanya wazee wetu wanyamaze. Mwambie shangazi kwamba Marekani peke yake, mwaka 2022, watu karibu 70,000 waliripoti utapeli wa mapenzi, hasara ya dola bilioni 1.3. Hayuko peke yake hata kidogo.

Mpwa_wa_Pili:
Asanteni sana. Mama, je, naweza kwenda benki yake bila yeye kujua?

MamaKaunta:
Unaweza kuwatahadharisha na watakusikiliza, ila habari za akaunti yake hawatakupa. Ningependa zaidi muende wote. Ombeni mhudumu azungumze naye chumba cha pembeni, wewe ukiwa nje. Kuna mambo atamwambia mgeni ambayo kwako atashindwa.